Namna ya kufundisha mauaji ya Wayahudi bila kuanzia Auschwitz

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha historia nilianzia kwenye kambi za mauaji kama Auschwitz. Wanafunzi waliogopa, wakanyamaza, kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje majirani wakakubali. Siku hizi naanza na amri ndogondogo za Wanazi, chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani.

Kata vipande vya karatasi, kila kimoja kiwe na amri moja, wanafunzi wasome kwa zamu. Aprili 1933: Wayahudi waondolewe katika utumishi wa serikali. Septemba 1935, Sheria za Nuremberg: si raia kamili tena. Oktoba 1938: pasipoti zao zipigwe mhuri wa herufi J, yaani Jude, Myahudi. Septemba 1941: nyota ya njano kifuani. Mei 1942: marufuku kufuga mbwa, paka au ndege.

Hapo kwenye paka, tua kidogo. Simulia habari za Victor Klemperer, profesa wa Dresden mwenye asili ya Kiyahudi aliyeandika shajara miaka yote hiyo. Alikwisha kunyang'anywa kazi na ruhusa ya kutumia maktaba. Sasa paka wake, Muschel, ikabidi auawe. Darasa langu huchangamka hapo kuliko popote. Mtoto aliyewahi kufuga paka haambiwi zaidi. Ndipo uulize: mhuri ule aliugonga nani? Karani. Nyota zilishonwa na nani? Waache wataje kazi moja moja, usiwaharakishe.

Kisha andika ubaoni maneno ambayo propaganda ya Wanazi iliwaita Wayahudi: panya, vimelea, wadudu. Uliza mdudu akiingia nyumbani hufanywa nini. Watajibu wenyewe: hupuliziwa dawa. Usiongeze neno mpaka jibu hilo liwe ubaoni. Halafu waeleze kwamba Zyklon B, iliyotumika kuulia watu Auschwitz, ilitengenezwa kwanza kama dawa ya wadudu.

Mambo mawili usiyafanye kabisa. Usiwagawe wanafunzi wawe Wanazi na Wayahudi. Mateso yale si mchezo wa kuigiza. Wala usibandike picha za maiti zilizorundikana. Nyingine zilipigwa na wauaji wenyewe, na mle ndani huoni mtu, waona lundo.

Tafuta picha za kabla ya vita: harusi, ufukweni, watoto na mikoba ya shule. Waulize nani anacheka, nani kamshika nani mkono, nani kafinya macho kwa jua. Wakishamaliza kuzungumza juu yao, waambie walikuwa akina nani.