Namna ya Kupata Nguvu ya Kiroho Imani Inapochoka

Mkristo aliyechoka rohoni aghalabu huambiwa aombe zaidi. Ushauri huo si wa uongo, lakini humkuta mtu ambaye shida yake ndiyo hiyo hiyo, kwamba hawezi kuomba, naye huishia kubeba hatia juu ya uchovu aliokuwa nao. Kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 19, kinaonyesha njia nyingine. Nabii Eliya, ambaye muda mfupi kabla alikuwa ameuona moto wa Bwana ukishuka juu ya mlima Karmeli, aliketi jangwani chini ya mretemu, kichaka cha nyikani, akaomba afe. Mwongozo huu unafuata hatua alizopitishwa pale, kwa kuwa sijaona mpangilio mwingine unaomhurumia mwanadamu kiasi hicho.

Anza na mwili. Malaika hakumkemea Eliya wala hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, na Eliya alipolala tena alimwamsha mara ya pili ili ale, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Kwa hiyo, kabla hujajihukumu kwamba umerudi nyuma kiroho, jiulize umelala saa ngapi wiki hii na umekula nini. Huzuni ikidumu kwa majuma kadhaa, mwone daktari, na ukijiwa na mawazo ya kutaka kufa, mweleze mtu wako wa karibu na utafute tiba siku hiyo hiyo. Kutafuta tiba si kukosa imani.

Hatua inayofuata ni kumwambia Mungu ukweli, na hapa Zaburi husaidia kuliko maneno yoyote tunayoweza kujitungia. Chukua Zaburi ya 13, ambayo ina aya sita tu, uisome kwa sauti polepole. Swali la “hata lini” linarudiwa mara nne katika aya mbili za kwanza. Kila unapolifikia, simama kidogo, kisha utaje jambo lako bila kulipamba: deni lisilolipika, ndoa iliyopoa, ugonjwa wa mtoto, ombi la miaka mingi lisilojibiwa. Tumaini huingia katika aya ya tano. Ikiwa bado huwezi kulisema kwa moyo wa kweli, ishie aya ya nne, urudi kesho. Wapo wanaoogopa kwamba kusema hivyo ni kumkosea Mungu heshima, lakini Zaburi ya 88 humalizika gizani kabisa, bila neno la faraja, na bado imehifadhiwa miongoni mwa zile 150 kama sala halali ya mtu anayeamini. Dakika kumi za namna hii kila siku, saa ileile, zina faida kuliko mkesha mmoja unaofuatwa na mwezi mzima wa ukimya. Siku ambayo hata hizo zinakushinda, tumia ombi la yule baba katika Marko 9:24, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” uishie hapo.

Baada ya chakula, usingizi na safari ya siku arobaini, Eliya alifika Horebu, mlima wa Mungu, na pale pangoni alisema mara mbili kwamba amebaki peke yake. Haikuwa kweli. Mungu alimjibu kwamba wamo watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia magoti Baali, mungu wa uongo, akamtuma pia kwa Elisha, ambaye angekuwa nabii baada yake. Upweke ndivyo ulivyo: humfanya mtu aamini kwamba hakuna mwingine, kisha humzuia asiende kuhakikisha.

Usingoje ushirika mzima utambue kwamba umevunjika moyo. Chagua mtu mmoja au wawili, na kipimo changu ni hiki: mtu ambaye hajawahi kukuletea siri ya mwingine. Ukimwambia tu “niombee” mlangoni baada ya ibada, atajibu “nitakuombea,” na mara nyingi jambo litaishia hapo. Mwambie kwa ukamilifu: “Tangu mwezi uliopita nashindwa kuomba. Kwa sasa sihitaji ushauri. Ninakusihi uniombee Jumatano na Jumapili, na Jumapili uniulize ninaendeleaje.” Ombi la aina hiyo lina siku, lina kazi, na humpa mwenzako ruhusa ya kukufuatilia bila kuona haya.

Mahali penye kikundi kidogo cha maombi, jiunge nacho. Mwaka 1742, Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, waligawanywa katika vikundi vya watu wapatao 12 ili kiongozi wa kila kikundi akusanye senti za kulipia deni la jengo lao. Viongozi hao walipozungukia watu wao waligundua jinsi kila mmoja alivyokuwa akiishi, na mpango wa fedha ukageuka kuwa malezi ya roho. Nadhani siri yake ilikuwa udogo wa kikundi, kwa kuwa katika watu 12 asiyefika huonekana.

Endelea kuhudhuria ibada hata moyo ukiwa baridi. Niliwahi kukaa miezi kadhaa kanisani nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo bila kutoa sauti, na wimbo uliendelea kwa sauti za wengine mpaka siku nilipoweza kuudaka tena. Katika Marko 2, watu wanne walimbeba mwenye kupooza, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao.

Lakini kiongozi anayedai malipo ili akuombee, anayekukataza dawa, au anayekutenga na jamaa zako, ondoka kwake mapema. Kumwacha yeye si kumwacha Kristo.

Nguvu ikianza kurudi, omba kazi ndogo yenye zamu inayojulikana, kama kupanga viti au kumtembelea mgonjwa mmoja kila juma. Eliya naye hakuachwa akae pangoni. Alirudishwa njiani akiwa na kazi, akamkuta Elisha akilima na jozi kumi na mbili za ng’ombe, akamtupia vazi lake, ishara ya kumwita. Na Elisha, baada ya kuwaaga watu wake, aliondoka akamfuata na kumhudumia.