Kupima ubora wa mboga za majani kwa mwanga bila kuharibu hata jani moja

Siku hizi si lazima usage jani ndo ujue lina maji kiasi gani au klorofili yake (ile rangi ya kijani) ikoje. Unalimulika tu, kifaa kinasoma mwanga unaorudi, jani linabaki zima na kesho unalipima lilelile tena uone linavyonyauka. Mi hapo ndo napapenda zaidi, maana ukishasaga basi tena.

Kwanza jua unatafuta nini. Klorofili inameza mwanga wa bluu na mwekundu, hasa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 mpaka 680, kwa hiyo jani likianza umanjano utaona mwekundu unarudi mwingi. Maji yako upande wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, yanameza kidogo kwenye 970 na kwa nguvu kwenye 1450 na 1940. Kama spektromita yako (hicho kifaa cha kusoma mwanga) inaishia 1000 basi jani moja la spinachi ni jembamba mno kuonyesha maji vizuri, panga majani kadhaa juu ya mengine.

Washa kifaa mapema taa itulie. Pima giza (bila mwanga wowote kuingia), halafu pima kigae cheupe cha kulinganishia, na urudie hivyo kila baada ya muda mfupi, usikishike kigae kwa vidole, mafuta ya mkono yanatosha kuharibu kila kitu kitakachofuata. Jani lifute likauke. Mi niliwahi kupima letasi iliyotoka kuoshwa, namba za maji zikaja juu ajabu nikafurahi, kumbe nilikuwa napima matone! Liweke juu ya kitu cheusi kisichong'aa, kwepa ule mshipa mkubwa wa katikati, gusisha kichwa cha kifaa bila kukandamiza ili mwanga wa nje usiingie, pima sehemu 4 au 5 kisha chukua wastani.

Sasa kalibresheni, na hapa ndo wengi wanakosea. Kifaa hakijui "ubora", kinajua mwanga tu, lazima ukifundishe. Yaani kuna majani machache utayatoa kafara: pima kwa mwanga, pima uzito, kausha kwenye oveni mpaka uzito usishuke tena, maji ndo hiyo tofauti. Changanya mabichi kabisa, yaliyolegea na yaliyochoka, ukifundishia mabichi matupu kitakudanganya siku ukikiletea lililonyauka. Na majaribio fanya kwa majani ambayo hayakuwemo kwenye kufundishia, tafadhali usiruke hii.

Kama huna spektromita, ile mita ndogo ya klorofili inayobana jani inafaa sana, inapitisha mwanga wa 650 na 940 na kukupa namba. Ila namba ya spinachi usiilinganishe na ya letasi, unene wa jani unaingia humo, linganisha spinachi kwa spinachi, tena jani la umri uleule.