Maji na Mbolea kwa Viazi Vitamu Vinavyodumu Ghalani

Viazi vitamu vinapooza wiki chache tu baada ya kuvunwa, wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa hulaumu ghala, ilhali chanzo mara nyingi ni mbolea iliyowekwa shambani na maji yaliyomwagwa mwishoni.

Hatua ya kwanza ni kuinua matuta na kuchanganya samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda. Naitrojeni ikizidi, mmea hukimbilia majani: matembele hustawi hata yakafunika tuta zima, lakini chini mizizi hubaki myembamba. Kinachojaza kiazi ni potasiamu, kwa kuwa husaidia kusafirisha sukari kutoka majanini hadi mizizini, ambako hugeuka kuwa wanga. Kwa hiyo, ukinunua mbolea ya NPK, chagua ile ambayo namba yake ya tatu (ya potasiamu) ni kubwa kuliko ya kwanza (ya naitrojeni). Asiyeweza kuinunua atumie majivu ya jikoni kwa kiasi, hasa penye udongo wenye tindikali. Shamba lililokwisha kupata samadi ya kutosha, nashauri lisiwekwe urea, yaani mbolea ya naitrojeni, kabisa.

Hatua ya pili ni kupanda marando (vipande vya mashina ya viazi) ya sentimita 30 na kuhakikisha kwamba udongo haukauki kwa wiki sita za mwanzo, maana ndipo mizizi huanza kunenepa. Ikikosa maji wakati huo, hukomaa ikiwa migumu yenye nyuzi. Maji yakituama, nayo huoza kwa kukosa hewa.

Baada ya hapo mwagilia kwa vipindi vinavyolingana, kwani mafuriko baada ya ukame hupasua viazi. Udongo ukifanya nyufa, ufukie upesi, kwa sababu fukuzi, wadudu wanaotoboa viazi, hupenya humo.

Wiki tatu kabla ya kuvuna, acha kumwagilia. Siku chache kabla ya kuchimba, kata marando ili ngozi ikomae. Viazi vikishachimbwa, visianikwe juani: viweke kivulini, mahali penye joto la nyuzi 30 hivi na unyevu mwingi, kwa siku 4 hadi 7, ili michubuko ifunikwe na ngozi mpya. Ndipo vihamishiwe ghalani au kwenye shimo lenye nyasi kavu na tundu la hewa, chini ya kivuli. Vilivyokatwa na jembe visichanganywe na vizima; vimenyeni siku hiyohiyo na kuvifanya michembe, yaani vipande vilivyokaushwa.