Friji ya laki nne na themanini, mtu anakwambia ana laki mbili: unamjibuje?

Ukiposti kitu kilichotumika mtandaoni hapa Bongo, iwe Jiji, Facebook Marketplace, Instagram au stetasi ya WhatsApp, haichukui muda utapata meseji isiyo na salamu, "bei ya mwisho?", na kabla hujajibu inaingia nyingine, "nina laki 2 hapa", wakati we umeandika 480,000 kwa namba kubwa kabisa. Hapo ndo wengi wanaharibu, kuna anayetukana, kuna anayenyamaza, na kuna yule ambaye presha inampanda anaanza kujishusha mwenyewe "basi lete 400" na hajaulizwa hata rangi ya friji. Mimi msimamo wangu ni mmoja, bei ambayo haijaja na siku ya kuja kuona mzigo hiyo sio bei, kwahiyo usiijibu kwa kutaja namba nyingine, ijibu kwa kuuliza anakuja lini.

Ila kuna kazi ya kufanya kabla hata hujaposti. Andika bei mbili kwenye karatasi, sio kichwani maana kichwani zinabadilika kila ukipigiwa simu: ile ya tangazo, na ile ya mwisho kabisa ambayo chini ya hapo bora friji ibaki nyumbani. Kuzipata, pita Jiji uangalie zinazofanana na yako, saizi ileile na umri unaokaribiana, alafu ulizia bei ya mpya Kariakoo. Kumbuka tu bei unazoziona kwenye matangazo ni za watu ambao BADO hawajauza, tangazo lililokaa miezi miwili na bei ileile maana yake hiyo bei soko limeikataa. Kama mtaani kwenu kuna fundi friji muulize na yeye, wale wananunua mbovu wanauza nzima, bei ya ukweli wanaijua kuliko mimi na wewe.

Tuseme umeona unataka 450 na ukibanwa sana 420. Weka 480. Usiweke 700 kwa sababu "watashusha tu", ukiweka 700 wale wenye 450 zao mkononi hawakupigii kabisa, wanaona we sio saizi yao, watakaobaki kukusumbua ni walewale wa laki 2. Na ule mtindo wa kuandika TSh 1 au 123 ili watu waje inboksi uache, hapo umemwambia mtu aanzie popote anapotaka yeye alafu unamkasirikia akianza na laki. Maneno "nahama nauza haraka" nayo toa. Dar kodi ya nyumba wengi wanalipa miezi sita au mwaka kwa mpigo na kila mtu anajua, ukiandika unahama msomaji anaelewa una tarehe na una shida ya hela, kwahiyo anasubiri tu uive. Wala usiandike "bei haipungui", nani anaamini hayo maneno hapa kwetu? Andika "maelewano kidogo ukifika", hilo neno ukifika lina kazi yake utaiona mbele.

Sasa hawa wanaotaja bei za ajabu sio watu wa aina moja. Kuna dalali, au winga kama wanavyoitwa Kariakoo, hesabu yake haina siri, akichukua kwako kwa 250 atalipa kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo), atampa fundi kidogo aisafishe, alafu anaiposti kwa bei yako ileile na wakati mwingine kwa picha zako zilezile. Sio mtu mbaya, ni biashara yake, ila hawezi kukupa bei ya mtumiaji hata mkeshe mnaongea. Utamjua kwa maswali, haulizi inakula umeme kiasi gani wala inagandisha baada ya muda gani, anauliza bei na mahali ulipo basi. Kuna anayerusha ndoano, kaandika "200?" kwenye kila tangazo aliloliona leo anasubiri mwenye shida ajibu. Kuna aliyezoea tu, Kariakoo au Karume ukitajiwa elfu 40 unaanza na 15 na hakuna anayenuna, kwake yeye laki 2 ni kama hodi. Na kuna ambaye kweli hana zaidi ya hiyo. Kwa meseji ya kwanza hawa wote wanafanana, ndo maana kutukana ni hasara, unaweza ukamfukuza aliyezoea tu kumbe Jumamosi angekulipa 450, alafu na skrinishoti ya matusi yako ikazunguka magrupu ya WhatsApp bure. (Wale wa kujibu "kwa hela hiyo kanunue kindoo uwe unaweka barafu" najua inachekesha, nami nacheka, lakini friji bado ipo kwako.)

Jibu lenyewe liwe fupi na la heshima, kitu kama: "Habari kaka, asante kwa kuulizia. Kwa laki 2 hapana. Friji ipo Tabata, unakuja kuiona ikiwa imewashwa. Unapata nafasi siku gani?" Umeona hakuna namba mpya hapo. Karibu wote watarudi na "niambie kwanza mwisho ngapi nisije nikapoteza nauli", na hoja yake ina mantiki maana kutoka Mbagala mpaka Tabata sio mchezo, mwambie "Bei ni 480 kaka, ukifika ukaipenda hatutashindwana." Basi. Akikazania laki 2 yake we rudi kwenye siku, kwa upole uleule, ukirudia mara mbili asiyetaka anapotea mwenyewe na anayetaka ataanza kuuliza ya maana, ina miaka mingapi, mlango unafunga vizuri, gesi ilishawahi kuongezwa. Maswali hayo yakianza ujue hapo kuna mteja, hata kama alianzia chini vipi.

Akipiga simu badala ya kuandika, sikiliza sauti kwanza. Kama ni mtu mzima toa shikamoo, mama au mzee anayepokelewa kwa shikamoo anajadili bei kwa utu tofauti kabisa na yule mliyeanza na "sema mkuu". Sio ujanja huo, ni adabu, lakini faida yake ipo.

Mtego mkubwa kuliko wote unaitwa tukutane katikati. Anasema 200, we umesema 480, alafu kwa sauti ya kirafiki "basi kaka tugawane, 340 yaishe." Unasikia ni haki maana kila mtu kasogea, kumbe yeye alianzia 200 makusudi ili katikati iangukie 340, angeanzia 400 katikati yake ingekuwa 440. Kwahiyo kamwe usikubali katikati ya bei yako na bei ya utani. Mwambie "katikati tutaiongelea ukifika kwenye 400", alafu we shuka kwa hatua zinazopungua, 480 kwenda 465, kisha 455, kisha 450. Mtu akiona hatua zinafupika anaelewa mwisho umekaribia bila we kuapa kwa jina la mtoto. Ukishuka 480, 430, 380 umemfundisha kwamba akinyamaza tena kuna 50 nyingine inakuja. Na badala ya kutoa hela toa kitu, stablaiza uliyokuwa unaitumia, au msaada wa kijana wa kubeba mpaka kwenye gari, vitu hivyo kwako ni vidogo ila mteja anaviona.

Akija nyumbani hapo ndo bei yenyewe inapoongelewa, kwahiyo jiandae. LUKU iwe na yuniti, mteja akikuta umeme umeisha huna cha kumwonyesha, friji ambayo haijawashwa ni friji mbovu mpaka ithibitike vinginevyo. Iwashe tangu usiku akute barafu. Ifute, na ule mkwaruzo wa ubavuni uwe ulishaupiga picha na kuuandika kwenye tangazo, kwa sababu kuna mtu atauzunguka huo mkwaruzo kama askari wa trafiki alafu aseme "hii mimi nina 300 tu". Hapo unamjibu bila kupanda sauti, "mkwaruzo ulikuwepo kwenye picha, na ndo maana sio 550". Alafu nyamaza. Mkaribishe maji. Kukaa kimya baada ya kutaja bei kunawashinda watu wengi, wanaona aibu wanajazia maneno na kila neno wanapoteza elfu kumi. Na usisahau kuwa yeye kashatumia muda na nauli, labda na kirikuu kipo nje kinasubiri, kurudi mikono mitupu kunamuuma kuliko wewe. Bei yake ikiwa chini ya ile ya mwisho uliyoandika kwenye karatasi, mwambie asante na umsindikize mpaka getini. Wengi wanapiga simu kabla hawajafika kituoni.

Hela, kwa kifupi: akitaka umwekee mpaka kesho aache kishika uchumba, na mkubaliane kwa meseji kama kinarudi au hakirudi. Akilipa kwa simu, usiamini meseji iliyoingia, ingia mwenyewe kwenye menyu uangalie salio ndo mzigo utoke. Na yule anayekubali 480 bila kushusha hata mia, hajaiona, anasema anamtuma dereva? Huyo ndo wa kumwogopa kuliko wa laki 2. Mara nyingi kinachofuata ni "nimekosea nimetuma zaidi nirudishie", na hakuna kilichotumwa.

Kuna wakati bei ya chini unaichukua na unashukuru. Kama muda umepita na hakuna hata mmoja aliyekuja kuona, tatizo sio wateja. Januari ni ngumu, hela za watu zimeenda ada na sare, ukiweza kuuza kitu kikubwa uza mwisho wa mwezi mishahara ikishatoka. Simu ndo usiing'ang'anie kabisa, toleo jipya likitoka la kwako linashuka ukiwa umelala. Ndo maana wale waliotaja bei ya karibu, 380, 400, usiwafute, seivu namba zao hivihivi, "Friji 400", wiki ya tatu unawaandikia "kaka bado unahitaji friji? Ukija kesho na 420 chukua." Huyo alishakuuliza, hutafuti mtu mpya.

Wagumu kuliko wote ni ndugu na marafiki wa kwenye stetasi. Huyo hasemi laki 2, anasema "nikatie basi mimi ndugu yako, 300 na nyingine mwisho wa mwezi". Kwa ndugu mimi nashusha bei lakini sikopeshi, yaani namwambia "kwako wewe 430, ila taslimu, na nakuwekea mpaka Ijumaa nisimuuzie mtu mwingine". Kumpa nafasi ya kwanza ni heshima tosha. Kama ni mtu ambaye hela hana na unaona friji anaihitaji kweli, shangazi ana mtoto mchanga pale kwake, mpe bure na ufute tangazo, kuliko kumuuzia kwa deni alafu kila mkikutana msibani mnakwepana macho.

Mkishamalizana na hela ipo kwenye salio lako, futa tangazo siku hiyohiyo na uwaandikie waliokuwa kwenye foleni "imeshauzwa, asante". Usiwaandikie kabla, mpaka uone friji imepanda kirikuu na kirikuu kimewaka.