Kuacha mkorogo bila kuiumiza ngozi

Anza na kopo la mkorogo, yaani krimu ya kuchubua ngozi. Soma viambato, ukitafuta haidrokwinoni, zebaki au klobetasoli. Kopo lisilo na maandishi, kama la mkorogo uliochanganywa sokoni, lichukulie kuwa na vyote vitatu.

Klobetasoli ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi; ukiiacha ghafla baada ya miezi mingi, uso huwaka, huwasha na kutoa vipele, na mtu hudhani ngozi yake "imeukataa weusi". Si kweli, ngozi inadai dawa. Daktari wa ngozi hospitali ya rufaa, kama Bugando ya Mwanza, atakupangia kuipunguza polepole. Ila zebaki haisubiri: ukiiona, au hujui kilichomo, acha leo na umuone daktari wiki hiyo hiyo, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Taulo usichangie na mtoto, zebaki isimfikie.

Mwanza iko karibu na ikweta, jua ni kali. Saa nne hadi saa kumi vaa kofia pana; losheni ya jua SPF 30 (kipimo cha kinga dhidi ya jua), mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, rudia kila saa mbili. Usiku, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha.

Rangi hurudi kwa miezi, tena kwa mabaka. Mwambie mwenzi wako mapema: "Nitakuwa na mabaka kwa muda, usinilinganishe na picha za zamani."