Kufunga diski breki za zamani kwenye Volkswagen Beetle: hatua kwa hatua kutoka gereji ya Moshi

Ukishuka kutoka geti la Marangu hadi Himo unateremka zaidi ya mita 800, na sehemu kubwa ya njia mguu uko juu ya breki. Kwenye Beetle yenye breki za dramu magurudumu yote manne (chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu, na ndani yake shuu zenye liningi zinazokibana), dramu zinapata moto, zinatanuka na kuziacha shuu, pedeli inazidi kwenda chini, na harufu ya liningi inayoungua inaingia ndani ya gari. Wakati wa masika kuna shida nyingine: ukipita kwenye dimbwi, maji yanaingia ndani ya dramu na breki ya kwanza unayokanyaga haishiki. Diski ni sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili, nayo iko wazi. Joto linatoka haraka, na pedi zinafuta maji zenyewe.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea Beetle yake ya 1970 pamoja na boksi la mbao. Ndani mlikuwa na diski mbili, kalipa mbili (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za ATE, kampuni ya breki ya Ujerumani, na vyuma vya kushikilia kalipa, seti ambayo nduguye alimletea kutoka Ujerumani miaka ya 70 na haikuwahi kufungwa. "Fundi, hizi bado ni breki au nizipeleke kwa wanunua vyuma chakavu?" Nikamwambia, mzee wangu, ni breki nzuri kabisa, ila kazi yake ni ya wiki mbili, si ya siku mbili. Hapa naeleza nilivyoifanya, na namna ninavyofanya kila seti ya aina hii.

Kwanza, hakikisha seti ni ya gari lako

Beetle hazifanani zote mbele. Hadi modeli ya 1965 zina kingipini, pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia. Kuanzia modeli ya 1966 zina bolijointi, viungo vya tufe. Chuma cha kushikilia kalipa cha aina moja hakikai kwenye nyingine. Hesabu pia matundu ya rimu: Beetle za zamani zina bolti tano kwenye duara la milimita 205, za kuanzia modeli ya 1968 nyingi zina nne kwenye duara la milimita 130. Diski ya bolti nne kwenye gari la bolti tano itakufanya ununue rimu mpya, au uwe na rimu za aina mbili na tairi la akiba lisilokaa mbele.

Jaribu rimu mapema. Weka diski na kalipa kwenye rimu ukiwa mezani, zungusha kwa mkono. Zipo rimu za zamani ambazo tumbo lake la ndani linagusa kalipa, na ni heri ulijue hilo kabla hujafungua gari.

Hatua ya 1: Pima diski

Kutu nyekundu ya juu isikutishe. Tazama nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya bolti, na kutu iliyochimba mashimo. Pima unene kwa mikromita sehemu sita au nane kuzunguka duara. Unene wa mwisho mara nyingi umegongwa kwenye diski yenyewe. Kama baada ya kukereza itashuka chini ya namba hiyo, iache. Diski nyembamba haibebi joto, na ndilo jambo tulilolikimbia kwenye dramu.

Kama unene unatosha, ipeleke kwa mkerezaji. Hapa Moshi naenda eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mwambie akereze pande zote mbili bila kuifungua kwenye mashine, maana akiigeuza kati ya upande mmoja na mwingine, nyuso hazitakuwa sambamba na pedeli itatetemeka. Mimi sikubali diski inayocheza zaidi ya milimita 0.1 kwenye saa ya kupimia.

Hatua ya 2: Kufufua kalipa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo mafundi wengi wanakimbilia kupaka rangi tu.

Kalipa ya ATE ya Beetle ina pistoni mbili zinazotazamana. Imetengenezwa kwa vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti. Usivitenganishe kama huna sili mpya ya katikati mkononi. Kazi yote inawezekana bila kuvitenganisha.

Kutoa pistoni, bana moja kwa jiliwa la mkono, weka kipande cha mbao katikati, kisha sukuma upepo taratibu kwenye tundu la hosi. Mimi natumia pampu ya mguu ya baiskeli. Usitumie kompresa kwa nguvu zake zote: pistoni hutoka kama risasi, na kidole kikiwa katikati hakitapona. Ikigoma, mimina mafuta ya breki nyuma yake, iache usiku kucha, jaribu tena asubuhi.

Kabla ya kuitoa kabisa, piga picha. Pistoni za kalipa hizi zina upande uliokatwa ngazi, na ngazi hiyo inakaa kwa pembe ya digrii 20. Ukiirudisha vibaya, pedi italia na kuchakaa upande mmoja.

Sasa safisha. Tumia spiriti au mafuta mapya ya breki, na hivyo viwili tu. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huvimbisha sili. Utafunga leo, kesho kalipa haiachii. Ng'oa sili ya mraba kwa kijiti cha mbao au plastiki, kamwe si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndani ya mfereji ni njia ya kuvujia. Kisha safisha mfereji wenyewe kwa subira. Kutu hujikusanya chini ya sili na kuisukuma juu, ikaibana pistoni. Kalipa nyingi zinazosemwa "zimekufa" ugonjwa wao ni huo tu.

Ijue kazi ya sili hiyo ya mraba, utaelewa kwa nini nasisitiza. Ukikanyaga breki, pistoni inasogea na sili inajipinda nayo bila kuteleza. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni kidogo sana. Hakuna springi nyingine inayofanya kazi hiyo. Sili iliyokauka kwa miaka 50 haijinyooshi, na pedi inabaki imeshika diski. Kwa hiyo sili zote na raba zote za vumbi ni mpya, hata kama za zamani zinaonekana nzima.

Pistoni ichunguze kwenye mwanga wa jua. Doa dogo sehemu inayobaki nje ya sili linaweza kusuguliwa kwa msasa laini wa maji, namba 1000 kwenda juu. Kromi iliyobanduka au shimo linaloshika ukucha pale sili inapopita, itupe. Kwenye boksi la mzee, pistoni tatu zilikuwa safi na moja imeliwa. Nilisubiri mpya ifike badala ya kuibembeleza ile.

Kurudisha: paka sili na pistoni mafuta mapya ya breki, ingiza kwa vidole bila nyundo. Ikiingia kwa shida imekaa upande. Itoe uanze upya.

Hatua ya 3: Masta silinda

Usiifunge diski yoyote kabla ya kulimaliza hili. Masta silinda ni pampu inayosukumwa na pedeli. Ya gari la dramu huwa na vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye mabomba, ili sili za silinda za magurudumu zisivute hewa. Dramu ina springi kali za kurudisha shuu, kwa hiyo presha hiyo haina madhara. Kwenye diski, presha hiyo hiyo inazifanya pedi zibaki zimegusa diski muda wote. Gari linakuwa zito, rimu zinaunguza mkono, na mwishowe mafuta yanachemka ndani ya kalipa.

Tafuta masta silinda iliyotengenezwa kwa Volkswagen yenye diski mbele. Karmann Ghia ilikuwa na diski hizo tangu modeli ya 1967. Tena iwe ya njia mbili, mbele na nyuma zikijitegemea. Beetle nyingi za zamani zina ya njia moja, ambapo bomba moja likipasuka magurudumu yote manne yanakosa breki. Mteja akitaka diski lakini hataki kubadilisha masta silinda ya njia moja, kazi hiyo siichukui. Kumbuka kibuyu cha mafuta nacho kibadilike, kiwe na njia mbili.

Ukishafunga, acha nafasi ya milimita 1 kati ya fimbo ya pedeli na pistoni ya masta silinda. Bila nafasi hiyo, tundu la kurudishia mafuta linazibwa na breki zinajishika zenyewe kadiri zinavyopata moto.

Hatua ya 4: Toa dramu, funga diski

Weka magogo nyuma ya matairi, inua mbele, kalisha gari kwenye stendi. Vumbi lililo ndani ya dramu za zamani linaweza kuwa na asbesto: lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitupe. Usipulize.

Nati ya gurudumu la mbele kushoto ina uzi wa kinyume. Inafunguka kwa kuzungusha kulia. Nimeona spindo (ekseli fupi za magurudumu ya mbele) zilizoharibiwa kwa kutojua jambo hili moja. Upande wenye waya wa spidi mita, toa kwanza kile kipini kidogo kwenye kofia ya grisi.

Toa sahani ya dramu, safisha spindo, funga chuma cha kushikilia kalipa kwenye matundu ya sahani ile. Beringi mpya za koni, grisi mpya, sili mpya ya nyuma. Kaza nati huku unazungusha diski, kisha ilegeze hadi diski icheze kidogo sana. Kipimo cha Volkswagen ni milimita 0.03 hadi 0.12. Ukikaza zaidi ya hapo, beringi itaungua kabla ya Boma Ng'ombe.

Kalipa zifunge nipo za upepo (vali ndogo za kutolea hewa) zikitazama juu. Kalipa ya kushoto ikiwekwa kulia inakaa vizuri kabisa, bolti zinaingia, lakini nipo inakuwa chini. Hewa hupanda juu, kwa hiyo haitatoka hata ukanyage pedeli siku nzima. Nikiwa bado najifunza kazi nilitumia chupa tatu za mafuta ya breki kwa kosa hili, hadi fundi wangu mkuu akaja akagusa nipo kwa kidole, akaondoka bila kusema neno.

Hatua ya 5: Mabomba na hosi

Hili ni jambo la kwetu hasa, kwa sababu maduka yetu ya spea yamejaa mabomba ya Toyota. Uzi wa nati ya bomba la Volkswagen ni M10 kwa 1, na wa magari mengi ya Kijapani ni huo huo. Inaingia, inakaza, unafurahi. Lakini mdomo wa bomba haufanani: la Volkswagen lina mdomo wa duara kama kitufe, la Kijapani limekunjwa mara mbili na kupanuka kama tarumbeta. Chuma na chuma havikutani sawasawa. Leo halivuji; siku utakayokanyaga kwa nguvu zote, litavuja. Tengenezesha bomba jipya la milimita 4.75, la chuma au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa mashine ya mdomo sahihi. Shaba tupu ya friji isiguse mfumo wa breki, inachoka kwa mtikisiko na kupasuka.

Hosi ziwe mpya. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na uhakikishe hosi haivutwi wala haigusi tairi.

Hatua ya 6: Kutoa upepo

Nunua mafuta ya breki ya DOT 4, chupa iliyofungwa. Ikiwa mpya huchemka kuanzia digrii 230, DOT 3 kuanzia 205. Zikishanyonya unyevu zinashuka hadi 155 na 140. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuachwa rafuni haina kazi tena.

Anza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Rekebisha shuu za nyuma kwanza, la sivyo pedeli itakuwa ndefu na utadhani kuna hewa.

Hatua ya 7: Pedi na barabara

Shuu za mbele za dramu zilikuwa zinajivuta zenyewe kwenye dramu na kuusaidia mguu. Diski haina msaada huo, na Beetle haina busta, kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu, kwa hiyo pedeli itakuwa ngumu zaidi ya ulivyozoea. Chagua pedi laini zinazoshika zikiwa baridi; zile ngumu za mashindano zinahitaji joto ambalo hutalipata kati ya Majengo na stendi. Kumbuka pia injini iko nyuma na pua ya gari ni nyepesi: kwenye barabara iliyoloa, magurudumu ya mbele yatajifunga mapema ukikanyaga kwa pupa.

Kuzizoesha pedi, tafuta barabara tulivu, toka kilomita 50 kwa saa hadi 15, mara 20 hivi, ukiacha zipoe kati ya kila moja. Usisimame kabisa huku umeshikilia pedeli diski zikiwa za moto.

Mzee na mimi tulipanda hadi Marangu asubuhi, tukashuka polepole kwa gia ya pili. Himo nilisimamisha gari na kuweka mkono karibu na rimu zote mbili za mbele. Joto lilikuwa sawa kushoto na kulia, pedeli ilikuwa juu palepale ilipoanzia. Baada ya wiki moja alirudi nikakaza tena bolti za kalipa, nikatazama kibuyu cha mafuta na upande wa ndani wa matairi kama kuna unyevu. Palikuwa pakavu.