Kibao cha maelezo bustanini: nani umwite kwanza, nani umwite mwisho

Wengi wanaonipigia simu kutafuta vibao vya bustani huanza na swali moja: "Fundi, kibao kimoja shilingi ngapi?" Bei naweza kuitaja, ila itakuwa bei ya bati lenye rangi. Kibao cha maelezo, kile kinachomsimamisha mtu njiani akajua anachokitazama, hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika kwa mchapishaji, na mchapishaji huitwa karibu mwishoni. Dar tumezoea kinyume chake. Maandishi yanatumwa WhatsApp asubuhi, jioni fleksi, lile turubai la plastiki lililochapishwa, imeshafungwa kwenye uzio, na msimu mmoja wa jua ukipita haisomeki tena.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kamati ya bustani, kikundi cha mazingira, shule au hoteli ya ufukweni ambaye hajawahi kuagiza kazi ya namna hii na hajui msaada autafute wapi.

Hatua ya 1: Tembea na mwenyeji

Usipange vibao ukiwa ofisini. Pita njia yote na mlinzi wa zamu, mtunza bustani au mzee wa mtaa, saa zile zile ambazo wageni huja. Angalia wanaposimama wenyewe bila kuambiwa: penye kivuli, njia panda, mahali bahari inapoonekana. Hapo ndipo pa kuweka kibao. Pale wanapopita haraka kwa sababu ya jua kali au mbu, hata uandike vizuri namna gani hawatasoma.

Kisha fikiria jua. Dar iko karibu digrii 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia kama tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la saa sita mchana hupita upande wa kusini, na miezi iliyobaki hupita kaskazini. Usidanganywe na mtu anayekwambia ukigeuze kibao upande fulani kisipigwe na jua. Upande huo kwetu haupo. Unachoweza kufanya ni kumwepushia msomaji jua la asubuhi na la jioni machoni, yaani akisoma awe anatazama kaskazini au kusini.

Kwa bustani ya ukubwa wa kawaida, vibao vitatu vilivyofikiriwa vizuri vinatosha. Mara nyingi mteja anataka kumi. Namwambia tuanze na vitatu, tuone.

Hatua ya 2: Kibali

Uliza mapema ardhi ni ya nani. Misitu ya hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Bustani za mitaani ni za manispaa, na ukitaka kibao kingine kando ya barabara cha kuwaelekeza watu, kuna wakala wa barabara: TARURA kwa za mijini na vijijini, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa. Magofu na makaburi ya kale yana sheria yake ya mambo ya kale, hata shimo la nguzo usilichimbe kabla ya kuuliza. Omba kibali kwa maandishi, ukiambatanisha mchoro wa kibao na picha ya mahali kitakaposimama.

Hatua ya 3: Tafuta mtu wa kukusahihisha

Huu ndio msaada ambao watu hawaulizii, na mara nyingi haugharimu kitu zaidi ya barua na nauli. Majina ya miti yapeleke kwa watu wa botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wana hebariamu, hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, na tawi lenye majani na maua litawasaidia kuliko picha ya simu. Mambo ya historia, nenda Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert. Kiswahili chako kikikutia shaka, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanahariri na kutafsiri.

Jina la mti hubadilika toka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo kwenye kibao cha mikoko ya Kunduchi ukiandika mchu, weka na Avicennia marina kwa herufi za mlazo. Tahadhari nyingine ni miti iliyozoeleka mpaka ikaonekana ya asili. Mwarobaini na mwembe asili yake ni Asia. Kibao kinachosema "miti yetu ya asili" huku kimesimama chini ya mwembe kitachekwa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Bustani ya Mimea ya mjini yenyewe ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kujaribia mazao, na hilo tu lingetosha kuwa kisa kizuri cha kibao: mti huu ulitoka wapi, na nani aliutaka hapa?

Hatua ya 4: Andika, halafu ukate

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Yasome maandishi haya, ya aina inayonifikia kila mara:

"Karibu sana katika hifadhi yetu. Hifadhi hii ina viumbe mbalimbali wakiwemo wanyama, ndege na wadudu, pia ina miti ya aina mbalimbali yenye umuhimu mkubwa kwa jamii na taifa kwa ujumla. Wananchi wanahimizwa kutunza mazingira."

Hakuna kosa hata moja, na hakuna kitu hata kimoja. Kibao hicho unaweza kukihamishia Arusha bila kubadili neno. Sasa tuseme kinasimama ndani ya msitu wa Pugu:

"Amelala karibu nawe. Komba wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Mchana hulala. Usiku hushuka kuwinda wadudu kwenye vichaka vya chini, kama hivi vilivyo mbele yako, na huita kwa mlio unaorudi mara mbili mbili. Duniani kote yupo Tanzania tu, katika vipande vichache vya misitu ya pwani. Umesimama ndani ya kimojawapo."

Ni maneno hamsini na ushee. Msomaji amepewa kichaka cha kukitazama na uzito anaoweza kuuwazia kiganjani. Amejua pia kwa nini msitu huu si sawa na mwingine, wala hakuhimizwa chochote. Ukitaka kumwambia asitupe taka, weka kibao kingine kidogo cha taratibu pale getini. Ukizichanganya amri na kisa, mtu husoma vyote kama amri.

Kipimo changu: maneno yasizidi 100 kwa lugha moja, na jambo liwe moja kwa kibao. Kichwa cha habari kiwe kinasema jambo hilo, kwa sababu wengi husoma kichwa, wakatazama picha, wakaenda zao. Ukiweka lugha mbili, Kiswahili kikae juu na kwa herufi zisizo ndogo kuliko za Kiingereza. Salamu za mkurugenzi, dira na dhamira, orodha ya wafadhili, toa. Mfadhili akishikilia, nembo yake ikae chini pembeni, ndogo. Huo mjadala fanya kabla ya kusaini makubaliano, maana baada ya hapo huushindi.

Hatua ya 5: Jaribu kwa karatasi

Chapisha rasimu steshenari, nyeusi na nyeupe, kwa ukubwa halisi. Bandika kwenye boksi lililofunguliwa, lisimamishe mahali penyewe Jumamosi, kaa mbali kidogo utazame. Mtu akimaliza kusoma usimwulize kama amependa, maana kwa adabu zetu atasema amependa. Mwulize kinasema nini. Akikujibu kwa maneno yake mwenyewe, umepata. Akisema "kinahusu mazingira", rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6: Mbunifu

Mbunifu wa matangazo na mbunifu wa vibao vya maelezo si lazima awe mtu mmoja. Wa matangazo atataka kujaza kila nafasi. Mpe masharti kwa maandishi: herufi za maelezo zisipungue pointi 24, kichwa kianzie pointi 72, maandishi meusi juu ya rangi hafifu, mchoro mmoja mkubwa badala ya picha sita ndogo. Mchoro wa mkono wa mnyama au mti hushinda picha iliyookotwa intaneti, ambayo mara nyingi ina mwenyewe. Vijana wanaochora vizuri Dar wapo wengi, walipe.

Kabisa usisahau kuandika kwenye makubaliano kwamba faili linaloweza kuhaririwa ni lako. Faili la kuchapisha liwe PDF, rangi za CMYK (mpangilio wa wino nne za mashine ya kuchapa), fonti zimegeuzwa kuwa michoro ili herufi zisibadilike kwenye kompyuta ya mchapishaji.

Hatua ya 7: Malighafi na mchapishaji

Fleksi ni ya harusi na mikutano. Stika iliyochapishwa, ikawekewa laminesheni ya kuzuia miale ya jua na kubandikwa juu ya alukobondi (bamba la plastiki lililofunikwa alumini pande zote mbili), ndiyo njia ya kati ambayo wengi wetu tunaimudu; ihesabie kwamba utaibadilisha. Laminati ngumu (bamba la tabaka za karatasi na gundi zilizogandamizwa) iliyochapishwa ndani, ambayo kwa kawaida huagizwa nje, hudumu zaidi, na bati la enameli, lenye tabaka la kioo lililochomwa juu yake, hudumu miongo. Kuna njia ya nyumbani isiyofikiriwa sana: mafundi wanaochonga majina kwenye mawe ya makaburi. Kwa kibao cha maneno machache na mchoro wa mistari, granaiti iliyochongwa haififii, na mtu hawezi kuipima kwenye mizani ya chuma chakavu.

Ukienda kuomba kotesheni, uliza: bei ina VAT ndani? Risiti ya EFD ipo? Nani anasafirisha na kusimika? Kama ni taasisi ya umma, manunuzi yatapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na hapo maelezo ya malighafi yaandike kinagaubaga, maana mwenye bei ya chini atakuletea kile ulichoandika, si ulichokuwa unawaza. Omba kipande cha sampuli chenye rangi zako, kiweke juu ya paa la ofisi wakati kazi nyingine zinaendelea. Nyekundu na njano ndizo hufa kwanza. Sampuli ikianza kugeuka buluu, wino huo haufai. Malipo yawe awamu tatu, ya mwisho baada ya kusimika.

Hatua ya 8: Fundi wa kuchomelea na kusimika

Vitabu vya Marekani husema kibao cha chini, kile cha kusoma ukiinamisha macho, kiwe na mwinuko wa digrii 30 hadi 45 kutoka usawa wa ardhi. Kwa jua letu la utosini mimi nachukua 45 na kuendelea. Maji ya mvua yanateremka na miale haikipigi moja kwa moja. Ukingo wa chini uwe kama sentimita 80 kutoka ardhini, ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wasome.

Karibu na bahari, chuma cheusi chenye rangi moja hakina maisha. Tumia bomba za mabati. Sehemu zilizochomelewa zisafishwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya zinki, halafu rangi ya juu mara mbili. Alumini isigusane moja kwa moja na bolti za chuma. Weka washa za mpira. Nguzo za mbao ni chakula cha mchwa, hata fundi akikuapia ni mninga. Dhidi ya wezi wa chuma chakavu, jaza zege ndani ya bomba, chomelea kipande cha nondo kikingame kwenye mguu wa nguzo utakaozama shimoni, na vichwa vya bolti vichomelewe au visagwe kwa grenda baada ya kukaza. Zege iwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na usisimike masika yakiwa yamepamba moto, mashimo kwenye mchanga wa pwani hubomoka.

Kwenye mti usigongelee msumari. Kibao cha jina la mti kiwe na nguzo yake fupi pembeni.

Baada ya hapo

Agiza stika moja ya akiba kwa kila kibao siku ile ile ya kuchapisha, ni nafuu kuliko kurudi. Kuosha ni kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Stili waya ikipita mara moja, laminesheni imekwisha. Mtu wa kuosha atajwe kwa cheo kwenye ratiba ya kazi, la sivyo kila mmoja atadhani ni kazi ya mwenzake. Na nyuma ya kibao, chini kabisa, andika namba ya simu ya ofisi, si ya mtu, ili kikilegea mpita njia ajue pa kupiga.